Samaki tuliyemkatia mshipi

Kama wewe ni mkazi wa Nairobi, huenda hujapata kujiuliza maji unayomwaga baada ya kufua huenda wapi. Yana safari ndefu. Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, Athi nao hubadilisha jina ukaitwa Galana, na Galana ukikaribia Malindi huitwa Sabaki, kisha hujimwaga baharini na rangi yake ya udongo. Mwezi wa Januari uliopita, marafiki wanne tuliamua kuyafuata maji hayo hadi mwisho wake, na hata kuyapita, ili tukalale usiku mmoja katika bahari kuu tukivua samaki wakubwa.

Najua utasema, huyu naye ana pesa za kuchezea. La hasha! Tuliweka akiba miaka miwili, kidogo kidogo, katika chama chetu ambacho wake zetu walidhani ni cha kununua shamba. Mwalimu wa hesabu, ambaye tulisoma naye darasa moja, alikuwa anatimiza miaka hamsini, na tangu alipokuwa kijana alikuwa akituimbia wimbo mmoja tu: kwamba hatakufa kabla ya kupambana na nduaro. Wa pili alikuwa mhasibu, mtu mtaratibu ambaye hata bili ya chai ya watu watatu huiandika. Wa tatu, wakala wa bima, ambaye tangu Miritini tuliposhuka gari la moshi hadi Watamu alikuwa akijaribu kumuuzia dereva wa matatu bima ya maisha. Wa nne ni mimi, na kazi yangu mwaijua.

Kabla sijafika mbali, hebu nikueleze juu ya samaki huyu, maana wengi wetu wa bara tukisikia samaki twafikiria tilapia na omena. Katika bahari yetu wamo samaki watano wakubwa wenye pua ndefu ya kuchoma: nduaro weusi, nduaro wa buluu, nduaro wenye milia, sulisuli mwenye pezi la mgongoni kama tanga la mashua, na yule mwenye pua bapa kama upanga. Ni sehemu chache duniani ambako mvuvi anaweza kuwafuata wote watano katika maji yale yale, na pwani ya Kenya ni mojawapo. Wavuvi wetu huyachanganya majina hayo kutoka kijiji hadi kijiji, basi usije ukagombana na mtu wa Lamu kwa sababu yangu. Hapa nitamwita yule wa tano nduaro wa upanga, kwa kuwa ndiye tuliyemfuata, na ndiye sababu ya kulala baharini.

Mchana huwezi kumpata kwa urahisi. Jua likiwaka yeye huwa chini kabisa, mita mia kadhaa, penye giza na baridi. Maumbile yamempa kiungo cha ajabu karibu na macho, kinachotoa joto na kuyapasha macho na ubongo, hivi kwamba anaona vizuri pale ambapo samaki wengine wamepumbaa kwa baridi. Jua likizama, viumbe vidogo vya baharini hupanda juu, ngisi huwafuata, naye nduaro wa upanga huwafuata ngisi. Usiku ndio wakati wake wa kupanda karibu na uso wa maji, hasa usiku usio na mwezi. Akishakomaa hana meno wala magamba. Humpiga ngisi kwa ule upanga, kulia na kushoto, kisha hurudi kumla akiwa amezimia. Mkubwa kuliko wote aliyepata kuvuliwa kwa fimbo na kuandikwa katika rekodi za dunia alikuwa na kilo 536, na alivuliwa karibu na mji wa Iquique, Chile, mwaka wa 1953.

Sasa unaelewa kwa nini mwalimu alikuwa halali.

Watamu iko kusini kidogo ya Malindi, na msimu wake ni kaskazi, upepo unaovuma kutoka Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi ikianza, bahari huchafuka na mashua nyingi za uvuvi huu hupandishwa pwani zikapakwe rangi. Nahodha wetu, mzee wa makamo aliyezaliwa papo hapo, alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulifundishwa shuleni. Alisema mkondo wa bahari yetu huenda kaskazini mwaka mzima, lakini wakati wa kaskazi kuna mkondo mwingine unaoteremka kutoka Somalia, na hiyo mikondo miwili hukutana upande wa kaskazini mwa pwani yetu. Inapogongana, maji ya chini yenye chakula hupanda juu. Penye chakula kuna vidagaa, penye vidagaa kuna sehewa na jodari, na penye jodari kuna wakubwa wao.

"Bahari ni soko," alituambia. "Usimtafute tajiri, tafuta palipo na bidhaa."

Tuliondoka saa tisa alasiri, maji yakiwa yanajaa. Nahodha alikuwa na mabaharia wawili, mmoja wao mwanawe. Kabla hata ya kung'oa nanga alitusimamisha tezini kama watoto wa shule, akatuonyesha jaketi za kujiokolea, akatuonyesha redio na kusema kuwa mlango wa 16 ndio wa kuombea msaada, akatukataza kuuzungusha mshipi mkononi kwa sababu samaki akivuta utabaki na vidole vitatu. Kisha akauliza swali moja, na ninakuomba ulikumbuke, maana nitalirudia:

"Kuna mgonjwa hapa? Mwenye pumu, moyo, presha, sukari, kifafa? Niambieni sasa tungali ufukweni."

Wakala alisema yeye anaugua umaskini. Tukacheka. Mhasibu alicheka kuliko sisi sote.

Sehemu ya kwanza ya safari ni hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka wa 1968, ambamo hairuhusiwi kuvua hata kibua. Ukishapita mlango wa mwamba, maji hugeuka ghafla kutoka kijani hadi buluu nzito kama wino. Sakafu ya bahari hapo haiteremki polepole kama mteremko wa Limuru, huporomoka. Mashine ya kupimia kina ilikuwa ikisoma mita 30, mara 80, mara 200, na baadaye namba zikawa hazina maana tena kwa mtu aliyejifunza kuogelea katika bwawa la shule.

Tulikokota mishipi minne kwa saa tatu huku jua likishuka. Mwana wa nahodha alivisha ndoana chuchunge waliofungwa kwa uzi ili wacheze juu ya maji kama wazima. Tulipata fulusi mmoja, wa rangi ya dhahabu na kijani, aliyefifia akawa kijivu mbele ya macho yetu alipokuwa akifa, na wakala akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Nairobi. Tulipata pia sehewa wawili. Sulisuli mmoja aliruka mara tatu nyuma yetu, akatema ndoana na kwenda zake. Mwalimu alipiga makofi kama mtu aliyeona bao.

Jua lilipozama tulikuwa maili 25 za baharini kutoka pwani, yaani kilomita 46 hivi. Hakuna taa. Hakuna mtandao wa simu. Nahodha alizima mtambo, tukaachwa tuende na mkondo.

Msomaji, ikiwa hujawahi kukaa katika chombo kilichozimwa mtambo, usidhani kwamba bahari tulivu ni tulivu. Chombo kinachokwenda hukata wimbi. Kilichosimama huchezewa nalo. Huenda upande, hurudi, huinuka, hukaa. Tumbo lako nalo hufuata, lakini likiwa nyuma hatua moja. Mimi nilikuwa nimemeza tembe za kuzuia kichefuchefu saa moja kabla ya safari, kama inavyotakiwa, maana ukingoja mpaka roho ichafuke utazitapika hizo tembe pamoja na chakula. Mwalimu alitafuna tangawizi. Wakala alikodoa macho kwenye upeo wa macho mpaka ulipopotea gizani. Mhasibu alisema yeye hahitaji chochote.

Mishipi ya usiku hutegwa kwa namna nyingine. Chambo ni ngisi mzima, mkubwa kama kiganja na mkono. Juu yake hufungwa kijiti cha plastiki ambacho ukikikunja kidogo husikia kikivunjika ndani, dawa mbili zikachanganyika, kikaanza kutoa mwanga wa kijani bila moto. Mshipi wa kwanza uliteremshwa mita 30, wa pili 60, wa tatu zaidi ya 100, kila mmoja ukining'inia chini ya puto lililofungwa taa ndogo. Basi ukitazama tezini unaona vitaa vitatu vikitikisika mbali, kama nyumba za kijiji. Ukiinama ukatazama chini, unaona maji yenyewe yanametameta kila yanapoguswa, kwa sababu ya vile viumbe vidogo vinavyotoa mwanga. Juu, nyota zimejaa mpaka zinatisha. Mwana wa nahodha alituonyesha Kilimia, nyota ambazo wazee walikuwa wakizitazama kujua misimu. Mwalimu akaanza kuzihesabu, tukamwambia awache kazi nyumbani.

Tulikula saa mbili usiku. Chapati, sambusa, na yule fulusi aliyekaangwa na baharia kwa jiko dogo la gesi. Nilimwona mhasibu akienda omo peke yake kabla ya chakula, akatupa mgongo kwa muda, akarudi akiteremsha shati. Nilidhani amekwenda haja. Alipokuja alimega chapati mara mbili, akainuka haraka, na chakula chote kikaenda kwa samaki. Tulimcheka! Ndiyo, tulimcheka, na wakala akasema hiyo ndiyo inaitwa chambo cha bure. Yeye mwenyewe alipangusa mdomo akatabasamu, akaketi juu ya sanduku la barafu, akajifunika koti. Alitapika tena mara mbili au tatu usiku ule. Hatukuhesabu.

Saa sita na nusu, taa ya katikati ilizama.

Haikutikisika kwanza kama tulivyoambiwa. Ilikuwapo, kisha haikuwapo. Gurudumu la mshipi likaanza kulia, mwanzo kwa sauti ya chini, kisha kwa kelele iliyotuinua sote. Nahodha alimwambia mwalimu akae kwenye kiti kilichofungwa katikati ya tezi, akamfunga mkanda, akampa fimbo. "Usimlazimishe," alisema. "Mdomo wake ni laini, ukimvuta kwa hasira ndoana itachana nyama na utabaki na hadithi. Akitaka kwenda, mwache aende. Akichoka, wewe usichoke."

Mapambano hayo sitayaeleza yote. Ni kazi ya kuchosha kuitazama, sembuse kuifanya. Unainua fimbo, unaishusha huku ukizungusha, umepata mita mbili. Samaki anageuka, unapoteza mita arobaini. Baada ya nusu saa fulana ya mwalimu ilikuwa imelowa, na wakala alikuwa akimmwagia maji kichwani. Baada ya saa moja mikono ilianza kumtetemeka. Lakini alikuwa anacheka! Mtu wa miaka hamsini, mwenye deni la benki na watoto wawili chuoni, anacheka peke yake gizani kama mtoto aliyepanda bembea. Samaki hakuruka hata mara moja. Alikuwa chini, mzito, akituvuta chombo na vyote vilivyokuwamo kuelekea Shelisheli. Nahodha aliutazama mshipi jinsi ulivyoingia majini, akasema, "Anapanda sasa. Anapanda."

Hapo ndipo nilipomsikia mhasibu nyuma yangu akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Makanga, nishukishe hapa."

Niligeuka nikicheka, nikidhani ni mzaha. Alikuwa amesimama ubavuni, ameshika ukingo kwa mkono mmoja, na mguu wake wa kulia ulikuwa tayari upande wa pili. "Hapa hapa kwa stage," alisema. "Nimelipa."

Mwana wa nahodha alimrukia akamshika mkanda wa suruali. Nami nikashika koti. Tulipomrudisha ndani alitupigana, tena kwa nguvu, huku akitutukana kwamba tumemnyima chenji. Alikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu, na jasho lilikuwa linamtiririka usoni, shingoni, mpaka viganjani. Nikamwita kwa jina. Akanitazama akaniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki.

"Bahari imemlevya vibaya," alisema wakala.

"La," alisema nahodha. Alikuwa ameuacha usukani akaja, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Aliyelewa bahari hutamani kufa, lakini anajua yuko wapi. Huyu hajui. Mke wangu hufanya hivi hivi akijidunga dawa kisha asile. Huyu ana sukari?"

Tulitazamana. Miaka thelathini na zaidi ya urafiki, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua jibu. Baharia alipapasa mfuko wa lile koti, akatoa kalamu nene ya plastiki. Haikuwa kalamu ya kuandikia. Ilikuwa ya insulini.

Nitalieleza jambo hili polepole, kwa sababu huenda msomaji wangu unaye mtu kama huyu nyumbani. Tunapotaja ugonjwa wa sukari, wengi wetu hufikiria sukari iliyozidi. Lakini anayetumia insulini anaweza kuanguka kwa sababu ya sukari iliyopungua. Insulini kazi yake ni kuiondoa sukari kwenye damu. Ukijidunga, kisha chakula usile, au ule na ukitapike chote, ile dawa haijui kwamba umetapika. Huendelea kufanya kazi. Ubongo nao hutegemea hiyo sukari. Mtu huanza kutokwa na jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kisha huwa mkali au huzungumza mambo yasiyoeleweka kama mlevi, na akiachwa huzimia, pengine asiamke. Kumpa insulini zaidi wakati huo ni kumuua. Anachohitaji ni sukari, tena upesi, maadamu anaweza kumeza. Akishazimia usimtie kitu mdomoni, kitampalia.

Nilikimbilia sanduku la barafu kutafuta soda. Na hapa, msomaji, nilitaka kulia. Aliyefanya ununuzi wa vinywaji alikuwa mhasibu mwenyewe. Kila kopo nililolishika liliandikwa kwamba halina sukari.

Ni nahodha aliyetuokoa, ama tuseme ni mkewe. Mzee yule hakwendi baharini bila birika la chai ya rangi yenye tangawizi na kopo la sukari, kwa kuwa chai ya kwetu bara, alisema, ni maji ya kuoshea vikombe. Chai ilikuwa vuguvugu. Alimimina nusu kikombe, akatia sukari vijiko vinne, akakoroga kwa kidole. Tulimkalisha mhasibu chini, mgongo wake kwenye kifua changu, na mwana wa nahodha akamnywesha kidogo kidogo akimbembeleza, "Kunywa ami yangu, kunywa, tumefika."

Wakati huo wote mwalimu alikuwa kitini, amefungwa mkanda, na samaki alikuwa bado yuko.

"Kateni mshipi," alisema nahodha.

"Dakika kumi tu," alisema mwalimu. "Umesema anapanda. Si anakunywa chai? Si amekaa? Dakika kumi!"

Nitakuambia ukweli hata kama utanishusha. Niliposikia neno hilo, nilitazama mshipi kwanza. Nilikuwa nimemshika rafiki yangu mikononi, nasikia meno yake yakigonga ukingo wa kikombe, na macho yangu yakaenda kwenye mshipi, kuona kama kweli anapanda. Miaka miwili ya akiba, saa moja na robo ya mapambano. Wakala ndiye aliyepiga kelele. Alisema maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha, na mwishoni akasema, "Huyo samaki ana watoto wangapi huko Umoja?"

Mwalimu hakujibu. Alinyosha mkono nyuma, bila kugeuka, kiganja wazi. Baharia akatia kisu ndani yake. Mshipi ulikatika kwa mlio mdogo sana, kama uzi wa shati, na fimbo ikanyooka. Nahodha alisikitika, si kwa ajili ya samaki kumponyoka, bali kwa kumwachia mshipi mrefu mdomoni. Desturi yao ni kumleta karibu, kumtia alama begani kwa ajili ya utafiti, na kukata uzi penye ndoana. Lakini alikuwa amekwisha washa mitambo.

Baada ya robo saa tukampa kikombe cha pili. Mikono yake iliacha kutetemeka. Baada ya kama dakika ishirini alitazama huku na huku, akanitambua, akauliza kwa nini nimemkumbatia. Mwana wa nahodha akafungua kikopo alichokuwa nacho cha halua na tende, akamlisha, na chapati juu yake, kwa maana sukari ya chai huisha upesi ilhali dawa bado imo mwilini. Nahodha alizungumza kwa redio na mwenzake wa pwani. Tulirudi kasi, maji yakitupiga usoni, lakini mlangoni mwa mwamba alisimama. Maji yalikuwa yamejaa, lakini mlango ule ni mwembamba, mawimbi huvunjika pande zote mbili, na giza lilikuwa bado. Alisema hataingia kabla ya kuona mwamba kwa macho yake, labda mgonjwa azimie tena. Basi tukakaa hapo nje zaidi ya saa moja, tunaona taa za hoteli, tunamwamsha mhasibu kila akisinzia, tunamuuliza saba mara nane ni ngapi. Mwalimu ndiye aliyekuwa akiuliza. Alikuwa amemwekea kichwa chake mapajani.

Hapo ndipo alipotueleza. Alikuwa na ugonjwa huo miaka minne, na insulini mwaka wa pili. Mkewe alimfungia glukosi, biskuti na mashine ya kupimia damu katika mkoba mdogo. Aliuacha kitandani hotelini makusudi, tusije tukauona.

"Lakini kwa nini?" aliuliza wakala.

"Mngeniacha Nairobi."

Tulitaka kukana. Kila mmoja alifungua kinywa, kisha akakifunga. Ni kweli, tungemwacha. Tungesema ni kwa faida yake, tungemletea kilo mbili za samaki na picha, na tangu siku hiyo kila tukipanga jambo tungeanza kwa kusema, "Lakini yule…" Ofisini kwao hakuwa amemwambia mtu kwa sababu iyo hiyo. Na ingawa daktari tuliyemwona asubuhi alisema kwamba mtu wa insulini anaweza kusafiri, kuvua, hata kupanda mlima, mradi alio nao wajue na sukari iwe mfukoni, sikuona wa kumlaumu peke yake. Kile kicheko chetu cha saa mbili usiku kilikuwa bado masikioni mwangu.

Kulipopambazuka nahodha alituingiza. Mtandao ulirudi, na simu ya mhasibu ikalia kabla hatujatia nanga. Ilikuwa mkewe. Tulinyamaza sote ili tusikie atasema nini. Alisikiliza kwa muda, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hapana, mama watoto, sikula. Ngoja nikuambie." Akatembea peke yake ufukweni na simu sikioni, viatu mkononi, akazungumza muda mrefu.

Tumekwisha rudi kazini sasa, na chama kimeanza upya. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwenye meza hiyo kuna kopo la glukosi karibu na chumvi, kila mhudumu wa hoteli hutuuliza ni la nini. Mzozo uliobaki ni mmoja tu. Mwalimu anaapa kwamba samaki yule alikuwa na kilo 200. Wakala, kwa mahesabu ya bima, anampa 150. Mimi sikumwona, wala nahodha hakumwona, wala nao hawakumwona. Juzi walimtaka mhasibu aamue. Alisema yeye hawezi kutoa ushahidi, kwa kuwa wakati ule alikuwa ndani ya matatu ya kwenda Umoja, na mpaka leo hajarudishiwa chenji yake.